Wachungaji Wetu Wasomee Chini ya Paa Moja

Hotuba kwa viongozi wa makanisa, walimu na wanafunzi wa theolojia

Bwana Yesu asifiwe! Tumsifu Yesu Kristo!

Nimetoa salamu zote mbili kwa sababu nawaona humu ukumbini wa kuitikia ya kwanza na wa kuitikia ya pili. Baba Askofu, mapadri, wachungaji, masista, wazee wa kanisa, wanafunzi wetu, itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie elimu ya theolojia ya ngazi ya uzamili inayotolewa na makanisa kwa pamoja, yaani chuo ambacho Mwanglikana, Mlutheri, Mmethodisti, Mworthodoksi, Mkatoliki na Mpentekoste wanaketi darasa moja, wanakula meza moja na kulala bweni moja. Hoja za kawaida mnazijua: gharama hupungua, maktaba huwa kubwa zaidi, walimu wenye uzamivu hupatikana kwa urahisi. Ni hoja za kweli na sitazirudia. Mimi nina hoja nyingine, nayo inayahusu makabila yetu.

Tazameni ramani ya makanisa ya nchi zetu. Wamisionari walipofika walijigawia maeneo ili wasigombanie watu. Wapresbiteri wa Scotland walichukua Kikuyu na Tumutumu. Wamethodisti walianzia Ribe, kule pwani, mwaka 1862, baadaye wakapanda hadi Meru. Marafiki, yaani Quakers, walijenga Kaimosi mwaka 1902. Africa Inland Mission wakashika Ukambani na Kijabe. Upande wa Tanganyika, Walutheri wa Leipzig walikwenda Kilimanjaro, wale wa Bethel Usambara na baadaye Bukoba, wale wa Berlin nyanda za juu kusini. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na wengine wao wakawa Unyamwezini. Waanglikana wa UMCA, misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, walikuwa Magila, Masasi na kandokando ya Ziwa Nyasa.

Matokeo yake mnayajua, hata kama hatuyasemi madhabahuni. Ukimtajia mtu dhehebu lako, anakisia kabila lako, na mara nyingi anapatia. Kijana anazaliwa katika usharika wa watu wa kwao, anabatizwa huko, anapata kipaimara huko, anaitwa katika utumishi huko. Anapelekwa chuo cha dhehebu lake, anarudi kufanya kazi miongoni mwa watu wa kwao, na siku moja wanamchagua kuwa askofu au mwenyekiti wao. Anaweza kufika hapo bila kulala hata usiku mmoja chumba kimoja na Mkristo aliyelelewa tofauti naye. Kisha uchaguzi mkuu unaleta vurugu, na huyo ndiye tunayemsimamisha mbele ya kamera tukimtaka apatanishe taifa.

Wenzetu wa Kenya waliyapitia haya. Tarehe 1 Januari 2008 watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomwa moto humohumo ndani. Mwezi uliofuata viongozi wa Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, walikiri hadharani kwamba walishindwa kuyakabili mambo yale kwa sababu wao wenyewe walikuwa wameegemea pande. Naliheshimu sana ungamo lile. Viongozi wachache wa dini wamewahi kusema neno zito namna hiyo juu yao wenyewe. Na miaka kumi na minne kabla yake, kule Rwanda, nchi ambayo watu wake wengi walikuwa Wakristo waliobatizwa, watu waliuawa ndani ya makanisa ya Ntarama na Nyamata. Sisemi kwamba chuo kimoja cha theolojia kingezuia mauaji. Ninachosema ni kwamba tunawalea viongozi wetu katika vyumba vilivyofungwa, halafu tunashangaa hawaoni nje.

Watu waliliona tatizo hili mapema. Mwezi Juni 1913, wamisionari wa Kianglikana, Kipresbiteri, Kimethodisti, wa Africa Inland Mission na wengineo walikutana Thogoto, Kikuyu, katika misheni ya Kanisa la Scotland. Walikuja na mpango wa shirikisho la misheni zao, ili Mwafrika asilazimike kurithi ugomvi wa Ulaya ambao haukuwa wake. Siku ya mwisho Askofu William George Peel wa Mombasa, Mwanglikana, aliadhimisha Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Kipresbiteri. Aliyehubiri alikuwa mchungaji wa Kanisa la Scotland, Norman Maclean. Waliokuwepo walishiriki pamoja, isipokuwa Marafiki, ambao hawana desturi ya sakramenti.

Habari zilipofika Zanzibar, Askofu Frank Weston wa huko, Mwanglikana pia, alikasirika. Aliwashtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, kwa kosa la uzushi na la kuligawa Kanisa. Magazeti ya Uingereza yakajaa jina la Kikuyu. Vita vya dunia vilikuwa vimekwisha kuanza Davidson alipotoa jibu lake, mwaka 1915. Aliona kwamba kushirikiana ni jambo jema, lakini ibada ile ya pamoja isichukuliwe kuwa kielelezo cha kufuatwa.

Nimewahi kusikia watu wakimsimulia Weston kama adui wa umoja, na sikubaliani nao. Huyu ndiye askofu aliyeongoza kikosi cha wapagazi wa Zanzibar wakati wa vita, na baada ya vita akaandika kwa ukali kuipinga serikali ya nchi yake ilipotaka kuwafanyisha Waafrika kazi kwa lazima. Kuhusu Kikuyu, alidai jambo la haki: kama mnaketi meza moja, semeni mnaamini nini juu ya meza hiyo, msifichane. Kosa la mkutano ule lilikuwa mahali pengine. Waliokuwa wakiamua ni wamisionari peke yao. Mwafrika ambaye umoja ule ulitafutwa kwa ajili yake hakuwa na sauti katika uamuzi, na hakuna aliyekuwa amempa elimu ya kumwezesha kusimama na Weston au na Peel akajibizana nao kwa Kigiriki cha Agano Jipya na kwa historia ya Kanisa.

Kutokana na Kikuyu, misheni ziliunda umoja wao mwaka 1918, na mwaka 1926 wakafungua Alliance High School palepale Kikuyu. Umoja wa hesabu na Kiingereza ulipatikana upesi. Umoja wa kuwaandaa wachungaji ulichelewa kwa muda wa kizazi kizima, nao ulipokuja ulikuja Limuru.

Chuo cha Limuru kilianza mwaka 1903 kule Frere Town, Mombasa. Kijiji kile CMS, misheni ya Kianglikana, walikianzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Anayepita Kengeleni leo akielekea Nyali bado anaiona kengele yao kando ya barabara. Mwaka 1885 Askofu Hannington aliwaweka hapo wakfu mashemasi William Jones na Ishmael Semler, Waafrika waliolelewa mbali na kwao kwa sababu ya utumwa. Wazazi wa kijiji kile walikuwa wametolewa pande nyingi za bara, kila mmoja na lugha yake, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Ndiyo maana napenda kuwakumbusha wanafunzi kwamba elimu ya theolojia katika pwani yetu ilizaliwa miongoni mwa watu ambao makabila yao yalikuwa yamechanganywa na msiba.

Mwaka 1930 chuo kilihamia Limuru, kwenye baridi na mashamba ya chai. Kilikuwa bado cha Waanglikana. Katika miaka ya 1950 Wapresbiteri na Wamethodisti wakaingia, kikaitwa St. Paul's United Theological College, na baadaye Reformed Church of East Africa na NCCK wakawa wabia. Mwaka 2007 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu. Hapo ndipo alipopitia Mchungaji Samuel Kobia, Mmethodisti wa Meru, ambaye mwaka 2004 alishika kazi ya Katibu Mkuu wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Mwafrika wa kwanza kuishika. Hapo alipitia pia Nyambura Njoroge, mwanamke wa kwanza kuwekwa wakfu na PCEA, kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, mwaka 1982, ambaye baadaye alisimamia kazi ya elimu ya theolojia ya Baraza hilohilo kule Geneva.

Nitakaa zaidi kidogo kwenye chuo kingine, kwa sababu ndicho kielelezo kikubwa cha jambo hili katika ngazi ya uzamili, na kwa sababu mmoja wetu alikiongoza. Kinaitwa Taasisi ya Kiekumene ya Bossey, kipo Uswisi, katika jumba la zamani karibu na Ziwa Geneva. Kilifunguliwa mwaka 1946, kabla hata Baraza la Makanisa Ulimwenguni halijaundwa rasmi kule Amsterdam mwaka 1948. Fedha za kuanzia zilitoka kwa John D. Rockefeller Mdogo wa Marekani, na mwenye kulisukuma wazo lile alikuwa Willem Visser 't Hooft. Vita vilikuwa vimemalizika mwaka mmoja tu uliopita. Vijana wa mataifa yaliyokuwa yakiuana walikuja kuketi darasa moja, na walioongoza masomo hawakuwa wachungaji. Hendrik Kraemer, mkurugenzi wa kwanza, alikuwa mlei, mtaalamu wa lugha na dini za Indonesia, na Wanazi walikuwa wamewahi kumweka kizuizini. Mwenzake, Suzanne de Diétrich wa Ufaransa, alisomea uhandisi wa umeme kabla ya kuwa mwalimu wa Biblia. Mwaka 1952 ikaanza shule ya uzamili ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva, na mpaka leo watu wenye shahada zao na uzoefu wao wa kazi huja kutoka kila bara, wakaishi pamoja, wakafungua siku kwa sala pamoja. Patriaki Bartholomayo wa Konstantinopoli, kiongozi mkuu wa Waorthodoksi, aliwahi kuwa mwanafunzi pale. Kanisa Katoliki si mwanachama wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni, lakini kwa miaka mingi limeshiriki katika kufundisha Bossey, na wanafunzi huenda Roma kuonana na ofisi za Vatikani.

Kuanzia mwaka 1974 hadi 1980 mkurugenzi wa Bossey alikuwa John Samuel Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, kasisi wa Kianglikana. Alitoka Makerere, ambako alikuwa amefundisha kwa miaka kumi. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1975, Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilifanya mkutano wake mkuu wa tano Nairobi, katika jumba la mikutano la KICC, wa kwanza katika ardhi ya Afrika. Mbiti alitumia nafasi yake Bossey kuwakutanisha wanatheolojia wa Afrika na Asia na wale wa Ulaya, si kama wageni wa kuonyeshwa maktaba, bali kama walimu. Aliwauliza Wazungu kwa nini wao tumewasoma wote, na wao hawajasoma hata mmoja wetu. Na kazi yake ya uzeeni mnaifahamu: alitafsiri Agano Jipya kwa Kikamba moja kwa moja kutoka Kigiriki. Aliyekaa miaka mingi na mataifa yote alirudi na zawadi kwa wazee wa Mulango. Wale wanaohofu kwamba mwanafunzi akienda chuo cha pamoja atapoteza imani ya nyumbani wamwangalie Mbiti.

Lakini Bossey ina jeraha lake, na sipendi tulifiche. Wanafunzi wanaosali pamoja kila asubuhi hawawezi wote kushiriki Meza ya Bwana pamoja. Mworthodoksi na Mkatoliki hawana ruhusa. Swali la Weston halijajibiwa, na limepita umri wa miaka mia moja. Hivyo ndivyo ilivyo pia katika vyuo vyetu. Wageni wengine huona hilo ni kushindwa. Mimi naona ndiyo sababu kubwa ya kuwa na chuo cha namna hii. Mtu anayeumia kila wiki kwa sababu rafiki yake wa chumba kimoja hawezi kupokea pamoja naye hatazungumza tena juu ya umoja wa Kanisa kwa maneno mepesi. Na hatamtukana tena rafiki huyo mimbarini.

Nitawaonyesha jinsi kazi yenyewe inavyokuwa. Katika somo la huduma ya kichungaji huwa nawapa wanafunzi wa uzamili kazi moja. Mzee amefariki. Alikuwa Mkatoliki, mke wake Mwanglikana, watoto wawili ni Walutheri kwa kuolewa na kuoa, na kitindamimba ni Mpentekoste na ndiye aliyelipa gharama za hospitali. Andaeni ibada moja ya mazishi, nyumbani hadi kaburini. Nani anaongoza? Nani anavaa joho? Maji ya baraka yapo au hayapo? Udongo wa kwanza anautupa nani, na kwa maneno gani?

Mara ya mwisho kikundi kimoja kilifika salama hadi kwenye sala za mwisho, kikakwama. Mwanafunzi wa Kipentekoste alisema hawezi kumwombea marehemu, kwa kuwa Waebrania 9:27 inasema watu huwekewa kufa mara moja, na baada ya kufa hukumu. Padri kijana akamjibu kwamba yeye hawezi kumzika mtu bila kumwombea. Kwake hiyo ingekuwa sawa na kumtupa. Dada mmoja wa Kimoravian akawauliza wote wawili kama wameshamwuliza mjane. Kimya kikaingia. Baadaye waliandika ibada yenye sala mbili zinazofuatana: ya kwanza ya kuwaombea waliobaki, ambayo wote waliitikia amina, na ya pili ya kumkabidhi marehemu kwa Mungu, iliyoongozwa na padri huku wengine wakisimama kwa heshima. Wala hawakuridhika. Walikwenda kula bado wanabishana, na wiki iliyofuata waliomba tuendelee. Wachungaji hawa watakutana tena kwenye makaburi halisi, na watu watakuwa wakilia. Ni afadhali wabishane kwanza darasani.

Kwa nini ngazi ya uzamili na si shahada ya kwanza? Kwa sababu mwanafunzi wa miaka ya kwanza bado anajifunza nyumba yake mwenyewe: katekisimu yake, liturujia yake, historia ya kanisa lake. Hilo chuo cha dhehebu kinaliweza vizuri, na sitaki mtu aondoke hapa akisema nimependekeza Makumira, chuo cha Walutheri, au seminari zenu zifungwe. Lakini mtu aliyefanya kazi usharikani kwa miaka minne au mitano anakuja na maswali mengine kabisa. Amewafungisha ndoa Mkatoliki na Mlutheri. Amepokea waumini waliobatizwa kwingine, akaambiwa awabatize tena kwa maji mengi, na moyo wake ukasita. Ameona mhubiri wa mafuta ya upako akichukua nusu ya vijana wake. Mtu huyo ameiva kwa mazungumzo, kwa sababu ana kitu cha kupoteza na kitu cha kuuliza.

Sasa fedha. Wengi wa waliosoma katika vyuo hivi walilipiwa kutoka nje. Ilianza zamani. Mkutano wa kimataifa wa misheni uliofanyika Ghana mwishoni mwa mwaka 1957 ulizaa Mfuko wa Elimu ya Theolojia wenye dola milioni nne, nusu yake kutoka kwa Rockefeller, nusu kutoka bodi za misheni za Marekani. Mfuko ule ulijenga maktaba nyingi katika bara letu, na nawashukuru waliotoa. Lakini anayelipa ada ndiye anayechagua mwanafunzi, na mara nyingi ndiye anayechagua hata mada ya tasnifu. Nimeona vijana wetu wakiandika juu ya mambo ambayo usharikani hakuna anayeyauliza, kwa kuwa mfadhili ndiye aliyeyauliza. Tunajenga makanisa ya ghorofa kwa harambee. Tunanunulia viongozi magari kwa harambee. Dayosisi moja haishindwi kumsomesha mtu mmoja kwa miaka miwili, na kanisa likimlipia mtu wake linapata pia haki ya kumdai arudi na jibu.

Na kurudi kwenyewe tukutazame. Mhitimu anarudi na shahada, anakuta amepangiwa mtaa wa mbali bila hata ofisi, kana kwamba anaadhibiwa kwa kusoma. Au anatazamwa kwa mashaka kwa sababu alisali na Wakatoliki. Wengine wamekata tamaa wakaenda kufanya kazi katika mashirika ya misaada. Sina ugomvi na mashirika, ila tulimsomesha mtu kwa ajili ya Kanisa. Kabla ya kumtuma, mwandikieni barua inayosema atarudi kufanya nini: kufundisha chuoni, kuongoza idara ya mahusiano ya makanisa, kuandaa mafundisho ya wainjilisti, kuketi katika meza ya Jumuiya ya Kikristo Tanzania au ya NCCK akiwa na jina na wajibu.

La mwisho ni wanawake. Nyambura Njoroge aliwekwa wakfu mwaka 1982, na hata leo katika orodha za majina zinazoletwa vyuoni wanawake ni wachache, kwa kisingizio kwamba ana watoto wadogo au mume hajakubali. Makanisa yasiyowaweka wanawake wakfu nayo yana masista, makatekista na walimu wa dini wanaostahili uzamili wa theolojia kama padri yeyote. Katika kisa nilichowasimulia, swali lililokifungua kikundi liliulizwa na mwanamke. Siwezi kusema ilikuwa bahati.

Kwa hiyo nawaomba wenyeviti wa kamati za elimu waliomo humu jambo moja. Kabla bajeti ya mwaka ujao haijapitishwa, kila kanisa lilete majina mawili, la mwanamume na la mwanamke, wenye angalau miaka minne ya utumishi, pamoja na barua ya kazi watakayorudia na kiasi cha ada ambacho kanisa lenyewe limekubali kutoa. Majina hayo yasitoke wilaya moja. Walimu tutakaa nao tuone yupi anafaa Limuru, yupi anafaa kuombewa nafasi Bossey, na yupi asubiri kidogo.

Asanteni kwa kunisikiliza. Naona padri ameshanyoosha mkono, na mzee wa kanisa nyuma yake. Tuanze na padri.